Kuzama na Kuibuka: Hatua za Mwisho za Uzamivu

Neno "uzamivu", ambalo Kiswahili hulitumia kwa shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu, linatokana na kuzama. Ni neno lililochaguliwa vyema. Mwanafunzi wa shahada hiyo huuacha ufuo, akashuka peke yake katika jambo moja kwa miaka mitatu, minne au kumi, akitafuta kule chini kitu ambacho bado hakijaletwa juu na mwengine. Lakini watu wa visiwani, ambao wanawajua wapiga mbizi, wanajua pia kwamba kuzama si shani. Shani ni kuibuka, tena kuibuka na kitu mkononi, na kumkuta aliyemo chomboni yu tayari kukipokea.

Aghalabu habari za wanazuoni husimuliwa kwa upande wa kuzama. Tunaambiwa walisoma wapi, kwa nani, na vitabu gani. Sehemu ya mwisho hupita kwa sentensi moja: akatunukiwa shahada ya udaktari mwaka fulani. Ndani ya sentensi hiyo fupi mna mambo mengi yaliyofichwa. Mna ruhusa ya msimamizi, ada ya mwisho, kanuni ya mihula, nakala za kupigwa chapa, jopo la watahini, saa za kuulizwa na kujibu mbele ya hadhara, na daraja ambalo watahini huliandika kabla ya kuondoka. Wako waliozama vizuri wakakwama hapo. Na wako waliopita hapo kwa taabu ambayo haikuhusiana na ilimu yao hata kidogo.

Mwambao wetu ulikuwa na njia yake ya kuhitimisha masomo kabla ya vyuo vikuu, nayo ni ijaza. Mwanafunzi alikisoma kitabu mbele ya sheikh wake mpaka sheikh akaridhika, ndipo akampa ruhusa ya kukisomesha, akitaja kwamba yeye mwenyewe alikisoma kwa fulani, na fulani kwa fulani, silsila ikarudi nyuma mpaka kwa mtungaji. Ndiyo njia waliyoipita akina Sayyid Ahmed bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir, maulamaa wakubwa wa Unguja ambao wote wawili walifariki mwaka 1925. Ijaza ni amana inayotoka kwa mtu na kwenda kwa mtu. Shahada ya udaktari ni jambo jengine. Asili yake ni vyama vya walimu wa vyuo vya Ulaya vya Zama za Kati, na hata leo hutolewa na kundi, haitolewi na mtu mmoja. Kwa hivyo mwalimu anaweza kuridhika na mwanafunzi wake, akamsifu kwa maandishi, na bado mwanafunzi asipite, kwa kuwa baraza la kitivo halikukubali, au muda haukutimia, au hawakupatikana wa kuketi kumtahini.

Watu watatu wenye asili ya Afrika walizijua hatua hizo kwa uchungu wake wote. Wawili walizaliwa Marekani na mmoja Senegal. Wote watatu waliandika juu ya historia ya watu wao, na kila mmoja alikutana na kizuizi cha aina yake.

Berlin, 1894

William Edward Burghardt Du Bois alizaliwa tarehe 23 Februari 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts, miaka miwili na miezi michache tu baada ya utumwa kupigwa marufuku Marekani yote. Alisoma Fisk, kisha Harvard, akapata shahada ya kwanza ya Harvard mwaka 1890 na ya pili mwaka 1891. Zama hizo Mmarekani aliyetaka kuhesabiwa mtaalamu kamili alikwenda Ujerumani, kwani vyuo vya Ujerumani ndivyo vilivyoongoza katika historia na uchumi, na Du Bois akaazimia kwenda.

Fedha hakuwa nazo. Palikuwa na Mfuko wa Slater, uliowekwa kwa ajili ya elimu ya watu weusi, na aliyeuongoza ni Rutherford B. Hayes, aliyewahi kuwa Rais wa Marekani. Hayes alinukuliwa gazetini mwaka 1890 akieleza kwamba hajapatikana kijana mweusi wa kufaa kupelekwa Ulaya kusoma. Du Bois aliandika kuomba. Alipojibiwa kwa kukataliwa aliandika tena, kwa ukali wa mtu anayejua thamani yake, na hakuacha kuandika. Mwaka 1892 akapewa dola 750, nusu yake ruzuku na nusu deni.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Berlin tangu mwishoni mwa mwaka 1892 hadi mwanzoni mwa 1894, mihula mitatu. Wasomaji wa visiwani wana sababu ya kuisita miaka hiyo. Ndani ya chuo hicho hicho palikuwa na Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa mwaka 1887, ambamo Wajerumani waliojitayarisha kuja kutawala huku kwetu walifundishwa Kiswahili. Mwalimu wao tangu mwaka 1891 hadi 1895 alikuwa Mzanzibari, Amur bin Nasur, na habari alizoandika juu ya maisha yake zilichapishwa Berlin mwaka 1894 katika mkusanyo wa C. G. Büttner. Mji mmoja, chuo kimoja, mihula ile ile: Mzanzibari akiwasomesha Wajerumani lugha yake, na mzao wa watumwa wa Marekani akisoma kwao uchumi.

Waliomsomesha Du Bois ni mabingwa wa zama zao, Gustav Schmoller na Adolph Wagner katika uchumi, na Heinrich von Treitschke katika historia ya siasa. Chini ya Schmoller aliandika tasnifu juu ya kilimo cha mashamba makubwa na madogo katika majimbo ya kusini ya Marekani, tangu mwaka 1840 hadi 1890. Kazi ikaisha. Schmoller akairidhia. Kilichobaki ni mtihani.

Hapo ndipo kanuni ilipojitokeza. Kwa kawaida mtahiniwa alitakiwa awe amekaa chuoni mihula sita. Du Bois alikuwa na mitatu. Walimu wake walimwombea aachiliwe iliyobaki kwa kuzingatia aliyoyasoma Harvard, lakini kitivo hakikukubali kumfungulia yeye mlango ambao wengine walikuwa wakiungojea. Angeweza kuendelea kukaa, kama angepata wa kumlipia. Aliuomba Mfuko wa Slater mwaka mmoja zaidi. Hayes alikwishafariki tangu Januari 1893, na waliobaki walimjibu kuwa arudi akamalizie Harvard.

Mtu akiitazama kanuni ile peke yake hataona dhulma ndani yake. Ilikuwa moja kwa wote, Mjerumani na mgeni. Lakini uwezo wa kuingojea haukuwa mmoja. Mtoto wa tajiri wa Berlin angekaa kwa baba yake mwaka mmoja zaidi, akahudhuria mihadhara miwili mitatu, na mwisho wake akaitwa daktari. Du Bois kila mwezi wa kungojea ulikuwa na bei, na bei hiyo ilikuwa mikononi mwa watu walio ng'ambo ya bahari ambao hawakuisoma hata kurasa moja ya tasnifu yake. Katika kiangazi cha 1894 alirudi kwao, akaanza kusomesha katika chuo cha Wilberforce, Ohio.

Bahati yake ni kwamba hakuwa na tasnifu moja tu. Kabla ya kwenda Ujerumani alikwishaanza Harvard utafiti juu ya kukomeshwa kwa biashara ya watumwa iliyotoka Afrika kwenda Marekani, tangu mwaka 1638 hadi 1870. Aliukamilisha, na mwaka 1895 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari ya Harvard. Mwaka uliofuata tasnifu hiyo ikatoka kuwa kitabu cha kwanza kabisa katika mfululizo wa Harvard wa masomo ya historia.

Hoja yake inastahili kukumbukwa na watu wa Zanzibar. Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku kuingizwa watumwa mwaka 1807, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1808. Du Bois alionesha, kwa kufuatilia sheria, taarifa za serikali na habari za majahazi, jinsi katazo lile lilivyobaki katika karatasi kwa miaka mingi, kwa sababu waliotakiwa kulisimamia walikuwa na faida katika kulisahau. Kitabu kilitoka mwaka 1896. Hapa Unguja mkataba wa kufunga soko la watumwa ulikwishatiwa saini na Sayyid Barghash mwaka 1873, na biashara ya magendo ikaendelea baada yake. Amri ya kuiondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba ilingojewa mpaka mwaka 1897. Msomaji wa mwambao hahitaji kufasiriwa kitabu kile.

Tasnifu ya Berlin haikuwa kitabu. Mwaka 1958, chuo kile kikiwa sasa ni Chuo Kikuu cha Humboldt katika Berlin ya Mashariki, kilimtunukia Du Bois shahada ya heshima ya udaktari wa uchumi. Alikuwa na umri wa miaka 90. Mlango ulifunguliwa baada ya miaka 64, pale ambapo aliyeubisha hakuwa tena na haja ya kuingia.

Paris, 1925

Mwezi wa Julai 1900 ulifanyika London mkutano wa kwanza wa watu wenye asili ya Afrika kutoka nchi mbalimbali. Du Bois alikuwamo, na miongoni mwa wanawake wachache waliohutubia alikuwamo mwalimu wa Washington, Anna Julia Cooper. Alizaliwa mwaka 1858 katika mji wa Raleigh, North Carolina, mamake akiwa mtumwa. Alisoma chuo cha Oberlin, akapata shahada ya kwanza mwaka 1884, na mwaka 1892 alitoa kitabu juu ya hali ya mwanamke mweusi wa Kusini ambacho mpaka leo kinasomwa.

Cooper alianza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1914, alipokuwa akikaribia miaka 56. Alisoma katika likizo za kiangazi, maana siku nyengine zote alikuwa skuli akisomesha. Mwishoni mwa mwaka 1915 aliwachukua watoto watano waliofiwa na mama yao, wajukuu wa ndugu yake, wakubwa na mchanga, akawa mlezi wao. Columbia nayo ilikuwa na kanuni ya kukaa chuoni mwaka mzima, na mwanamke mwenye kazi ya mshahara na watoto watano nyumbani hakuwa na mwaka mzima wa kutoa. Aliikusanya mitihani yake, akaihamishia Paris.

Kazi aliyoiandaa kwa ajili ya Columbia, uchapishaji wa utenzi wa kale wa Kifaransa juu ya safari ya Charlemagne, haikukubaliwa Paris kuwa tasnifu. Akaanza upya, akachagua jambo gumu zaidi: msimamo wa Ufaransa kuhusu utumwa wakati wa Mapinduzi. Alikwenda Paris mwaka 1924 kusoma nyaraka, na akiwa huko zikamfikia habari kwamba atafutwa kazi asiporudi ndani ya siku 60. Alirudi. Kazi iliyobaki aliifanya Washington, usiku na siku za mapumziko, kwa vitabu vya maktaba ya Bunge na nakala alizoagiza Ufaransa.

Tarehe 23 Machi 1925, akiwa na umri wa miaka 66, alisimama mbele ya jopo la Sorbonne kuitetea tasnifu yake kwa Kifaransa. Mmoja wa watahini alikuwa Célestin Bouglé, mwanasosholojia mashuhuri aliyekuwa ameandika juu ya asili ya fikra za usawa, na Cooper alitakiwa ayajadili mawazo hayo hayo mbele ya mwenyewe. Bouglé aliiona fikra ya usawa kuwa zao la ustaarabu wa Magharibi. Cooper hakukubali. Aliyezaliwa utumwani Raleigh alisimama Paris akamwambia mwalimu wa Sorbonne kwamba usawa hauna kabila, kwamba umo katika kila mwanadamu kwa kuwa ni mwanadamu.

Tasnifu yenyewe ilikwenda mbali kuliko ilivyotarajiwa kwa zama zake. Cooper aliiweka Saint-Domingue, ambayo baadaye ni Haiti, katikati ya habari za Mapinduzi ya Ufaransa. Alionesha jinsi mabwana wa mashamba na wafanyabiashara wa bandari walivyolishika Baraza la Paris lisiguse utumwa, huku likitangaza haki za binadamu. Jinsi watumwa walivyonyanyuka Agosti 1791. Na jinsi Ufaransa ilivyotangaza kuufuta utumwa tarehe 4 Februari 1794 baada ya watumwa wenyewe kukwishaufanya usiwezekane. Miaka 13 baadaye, mwaka 1938, C. L. R. James alitoa kitabu chake juu ya Toussaint Louverture na mapinduzi yale, na dunia ikakijua. Kazi ya Cooper ilibaki Kifaransa katika rafu za maktaba. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1988, yeye akiwa amekwishafariki tangu mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 105.

Shahada yake alikabidhiwa Washington, katika Chuo Kikuu cha Howard, tarehe 29 Desemba 1925. Alikuwa mwanamke wa nne mweusi wa Marekani kuipata shahada ya namna hiyo. Watatu wa mwanzo waliipata wote mwaka 1921. Kisha alirudi kuwa mwalimu wa skuli. Hakuna chuo kikuu kikubwa kilichomwita. Baada ya kustaafu aliongoza taasisi ndogo ya Washington iliyowasomesha watu wazima weusi waliokuwa kazini mchana, na kwa muda madarasa yake yalikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Yeye aliyelazimika kuipata ilimu kwa vipande vya kiangazi alijua wanafunzi wa namna gani wanahitaji mlango unaofunguliwa jioni.

Kwa Du Bois kilichokosekana ni fedha ya kuinunua miezi. Kwa Cooper hata miezi ingetolewa bure asingeweza kuichukua, kwa kuwa haikuwa yake; ilikuwa ya skuli na ya watoto. Kanuni ya kukaa chuoni ilitungwa na watu waliomdhania mwanafunzi kuwa ni kijana, mwanamume, asiyemlea yeyote. Haikumtaja Cooper kwa jina wala kwa rangi, lakini ilimchelewesha miaka kumi na moja.

Paris, 1960

Kizuizi cha tatu ni kigumu zaidi kukieleza, kwa sababu kimo ndani ya mtihani wenyewe.

Cheikh Anta Diop alizaliwa tarehe 29 Desemba 1923 katika kijiji cha Caytou, Senegal. Alifika Paris mwaka 1946 kwa nia ya kusoma hisabati na fizikia, akachanganya na falsafa, historia na isimu. Mwaka 1949 aliandikisha mada ya udaktari Sorbonne chini ya mwanafalsafa Gaston Bachelard, na mwaka 1951 akaandikisha tasnifu ya nyongeza chini ya Marcel Griaule, akiuliza Wamisri wa kale kabla ya Mafirauni walikuwa watu gani. Jibu lake lilikuwa kwamba walikuwa watu weusi, na kwamba ustaarabu wa Misri ni sehemu ya historia ya Afrika kama vile wa Ugiriki ulivyo sehemu ya historia ya Ulaya.

Jopo la kuitahini kazi ile halikupatikana. Diop hakuiweka kabatini. Mwaka 1954 aliitoa kuwa kitabu, kwa mkono wa Présence Africaine, na mwaka uliofuata Aimé Césaire alikisifu kitabu hicho hadharani. Ndivyo ilivyotokea ajabu hii, kwamba wanafunzi wa Kiafrika wa Paris walikuwa wakikisoma na kukijadili kitabu ambacho mtungaji wake, kwa hesabu ya chuo, bado hakuwa ameandika kitu.

Pana ugumu wa kweli hapa, na si haki kuupita kwa kuwalaumu watahini tu. Tasnifu hupimwa na watu wachache wanaolijua jambo linaloandikwa. Jambo likiwa la zamani, wajuzi wapo, nao wana mizani. Jambo likiwa jipya kabisa, wajuzi wake ni wale wale ambao mafundisho yao yanapingwa. Diop alizichanganya taaluma za akiolojia, isimu, maandiko ya Wagiriki na habari za miili ya wafu waliohifadhiwa, na hakukuwa na mtu mmoja Paris aliyezishika zote. Baadhi ya mlinganisho wake wa Kiwolofu na Kimisri cha kale bado unabishaniwa na wanaisimu hadi leo. Watahini walikuwa na haki ya kutilia shaka. Lakini kutilia shaka ni kuuliza, na kuuliza kunataka mtu aketi kwenye kiti cha kuulizia. Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani ana la kujibu. Aliyekosa watahini hana.

Diop alianza upya kwa mada nyengine. Aliandika juu ya mifumo ya siasa na jamii ya Afrika na Ulaya tangu kale, na katika tasnifu ya nyongeza akalinganisha ukoo wa mama na ukoo wa baba. Wakati huo huo aliendelea na masomo ya fizikia ya nyuklia, na akawa mwanasiasa wa wanafunzi waliodai uhuru. Tarehe 9 Januari 1960, katika mwaka ule ule ambao Senegal ilipata uhuru wake, aliingia Sorbonne kujitetea mbele ya jopo lililoongozwa na André Aymard, msimamizi wake akiwa mwanaakiolojia André Leroi-Gourhan. Waliokuwapo wanakumbuka ukumbi uliojaa na mjadala uliokuwa mrefu na mkali.

Alipita. Lakini watahini wa Ufaransa, baada ya kusema ndiyo, huandika daraja, na daraja la Diop lilikuwa "kwa heshima" bila ya lile neno "sana" linalotangulia katika daraja la juu. Kwa mtu wa nje neno moja hilo ni jambo dogo. Kwa aliyetaka kusomesha chuo kikuu lilikuwa kufuli. Diop alirudi Dakar akiwa daktari, na kwa zaidi ya miaka 20 hakusomesha historia katika chuo kikuu cha nchi yake. Alifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya IFAN, akajenga humo maabara ya kupima umri wa vitu vya kale kwa kaboni. Mwaka 1974, katika mkutano wa UNESCO wa Cairo, yeye na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville waliketi na mabingwa wa Misri wa dunia. Hawakukubaliana katika mengi, lakini taarifa ya mkutano ilikiri kwamba matayarisho ya wawili hao hayakulingana na ya wengine kwa ukamilifu. Hatimaye, baada ya miaka 14 tangu Paris, mtihani aliounyimwa ulifanyika. Ndipo mwaka 1981 alipoteuliwa kuwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Dakar. Alifariki tarehe 7 Februari 1986. Mwaka 1987 chuo hicho, ambacho kilimfungia mlango kwa sababu ya neno moja, kilipewa jina lake.

Kilichobaki

Aprili 1966 lilifanyika Dakar Tamasha la Kwanza la Dunia la Sanaa za Watu Weusi. Ilitolewa zawadi kwa mwandishi aliyeathiri zaidi fikra za watu weusi katika karne ya 20, na ikagawanywa kwa wawili. Mmoja alikuwa Du Bois, aliyekuwa amefariki Accra tarehe 27 Agosti 1963. Mwengine alikuwa Cheikh Anta Diop. Waliogawiwa zawadi ile ni mtu ambaye Berlin haikumruhusu kuingia katika mtihani na mtu ambaye Paris ilimngojesha miaka kumi. Cooper hakutajwa. Hakuwa na kitabu mikononi mwa wasomaji, kwa kuwa tasnifu yake, ambayo ndiyo pekee kati ya hizo tatu iliyopita bila ya doa, haikuwa imefasiriwa.

Huo ndio ukweli unaopatikana katika kuziweka habari hizi tatu pamoja. Jopo linaweza kumpa mtu cheo, na linaweza kumnyima; haliwezi kuipa kazi yake maisha. Kazi ya Du Bois iliishi kwa sababu Harvard iliichapisha. Kazi ya Diop iliishi kwa sababu wachapishaji wa Kiafrika wa Paris hawakungojea muhuri. Kazi ya Cooper ilikuwa na muhuri, ikalala miaka 63. Mwenye kuibuka na lulu huhitaji mtu wa kumpokea chomboni, na pia huhitaji soko.

Visiwa vyetu havikuwa na vyuo vikuu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, na kabla ya hapo kijana wa Unguja au Pemba aliyetaka udaktari alikuwa lazima asafiri, akaingie katika kanuni za wengine. Sasa milango mengine iko hapa nyumbani, na funguo zake ziko mikononi mwa watu ambao wengi wao wenyewe waliwahi kungojeshwa ugenini. Watakutana na kijana ambaye fedha zake zimemwishia sura moja kabla ya mwisho, na mama mwenye skuli asubuhi na watoto jioni, na mtu mbishi aliyeleta hoja ambayo hakuna katika jopo anayeipenda. Kwa kila mmoja wa hao kitabu cha kanuni kitakuwa na jibu tayari. Historia ya Berlin na Paris inaonesha tu kwamba jibu hilo laweza kuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni, na bado likamuacha mpiga mbizi chini ya maji.